Kusini mwa Ufaransa: yasemwayo kuhusu Oksitania na ukweli wenyewe

Wengi huamini Kioksitani, lugha ya jadi ya kusini mwa Ufaransa, ni Kifaransa kilichoharibikia mashambani. Si kweli hata kidogo. Ni lugha kamili iliyotokana na Kilatini, kama Kifaransa chenyewe, na ndugu yake wa karibu ni Kikatalani. Katika karne ya 12 washairi wake, matrubaduri, waliigwa hadi Italia na Ujerumani. Mwaka 1904 Frédéric Mistral, aliyetunga kwa Kioksitani cha kwao Provence, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi.

Wapo pia wanaodai palikuwa na dola moja ya Oksitania, yaani eneo la lugha hiyo, ikatekwa. Hilo hata baadhi ya watetezi wa lugha hulipenda, lakini dola hiyo haikuwapo. Watawala walikuwa wengi na waligombana: Toulouse iliingia mikononi mwa mfalme wa Ufaransa mwaka 1271, Provence 1481, Béarn 1620. Kilichowaunganisha watu wa huko ni lugha, na kwangu hiyo inatosha. Haina haja ya kubuniwa ufalme.

Je, lugha iliuawa na vita vya msalaba dhidi ya Wakathari, Wakristo walioitwa wazushi na Kanisa Katoliki, 1209 hadi 1229? Vita vile vilikuwa vya kikatili, na wakazi wa Béziers walichinjwa ovyo. Hata hivyo wakulima waliendelea kukisema Kioksitani kwa karne nyingi baadaye. Pigo kubwa lilitoka shuleni, hasa elimu ilipofanywa ya lazima mwaka 1882. Katika shule nyingi, mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani alikabidhiwa kitu cha aibu, pengine kipande cha mbao au kiatu kikuukuu. Ili akiondoe, ilimbidi amnase mwenzake akisema vilevile. Aliyebaki nacho jioni aliadhibiwa. Watoto walifunzwa kuchongeana kwa sababu ya lugha ya mama zao, na wengi walipokuwa wazazi hawakuirithisha tena.

Mkoa uitwao Occitanie, ulioundwa 2016, nao huwachanganya watu. Una Perpignan, mji wa Kikatalani, ilhali Marseille, Limoges na Pau, miji ya Kioksitani, iko nje. Ng'ambo ya mpaka, Val d'Aran nchini Hispania, Kioksitani ni lugha rasmi.

Wala hakijafa, ingawa wasemaji wengi ni wazee. Hukohuko Pau ilifunguliwa mwaka 1979 shule ya kwanza ya Calandreta, ambako watoto husomeshwa kwa Kioksitani tangu chekechea.