Kwa nini jibu la "chini ya 5" si sifuri, na kwa nini wakati mwingine haidhuru ukiandika sifuri?

Mtu anayefika hospitali na maumivu ya kifua hupimwa troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia. Kipimo kimoja cha troponini T chenye unyeti wa juu hakiwezi kutambua kwa uhakika kiasi kilicho chini ya nanogramu 5 kwa lita, hivyo jibu huandikwa "<5". Wengi huisoma alama hiyo kama sifuri, ilhali hata damu ya watu wenye afya huwa na troponini kidogo. Jibu linasema tu kwamba kiasi hakikufika 5.

Mtakwimu anayepima uwezo wa kipimo kutenganisha wagonjwa na wasio wagonjwa atajaza nini hapo? Wengine huandika 0, wengine nusu ya kikomo (hapa kikomo ni 5), wengine kikomo kilichogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2. Ajabu ni kwamba eneo lililo chini ya mchoro wa ROC (mchoro unaoonyesha, kwa kila mpaka wa uamuzi, sehemu ya wagonjwa wanaotambuliwa na sehemu ya wasio wagonjwa wanaodhaniwa kuwa wagonjwa), likihesabiwa moja kwa moja kutoka kwenye data, halijali umejaza namba gani, mradi iwe chini ya kikomo. Eneo hilo ni uwezekano kwamba mgonjwa aliyechaguliwa kwa kubahatisha atamzidi asiye mgonjwa aliyechaguliwa vivyo hivyo, sare ikihesabiwa nusu. Ni kama mbio ambazo mwamuzi huandika nafasi za wakimbiaji bila kuandika muda wao.

Tuchukue mfano wa kubuni: wasio wagonjwa wana 2, 3 na 6, wagonjwa wana 4, 9 na 20. Katika jozi 9, mgonjwa hushinda 8, yaani 0.89. Kikomo cha 5 kikiwekwa, 2, 3 na 4 huwa sare, na eneo hushuka hadi 7 kwa 9, takriban 0.78, uwe umeandika 0 au 2.5. Kinachopotea ni mpangilio, na hakuna namba mbadala moja itakayourudisha. Wastani, kinyume chake, huyumba kwa kila chaguo: wa wasio wagonjwa ni 2 ukiandika 0, na takriban 3.7 ukiandika 2.5.

Si lazima eneo lishuke, kwani kama mpangilio wa chini ya kikomo ulikuwa wa kubahatisha tu, sare haziondoi kitu. Zipo mbinu za kukadiria sehemu isiyoonekana kwa kudhani umbo la mtawanyo, lakini dhana hiyo haina data ya kuijaribu pale hasa inapotegemewa.

Sehemu ya mchoro inayotokana na mipaka ya kuanzia 5 kwenda juu haiguswi kabisa. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya ya magonjwa ya moyo ya mwaka 2020 iliweza kukitumia kikomo chenyewe kama mpaka wa uamuzi: kwa kipimo hiki, mtu ambaye maumivu yake yalianza zaidi ya saa 3 zilizopita, akipata "<5", huhesabiwa kuwa hana uwezekano mkubwa wa kuwa na mshtuko wa moyo.