Tumbo Kujaa Si Kushiba: Dhana Kuhusu Lishe ya Ng'ombe wa Maziwa Moshi

Katika vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vya Marangu na Kibosho kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa bandani mwaka mzima, wengi huamini kwamba hori likijaa na ubavu wa kushoto ukatuna, mnyama ameshiba. Dhana hiyo hushika zaidi wakati wa kiangazi, majani yanapoadimika na shina la mgomba likawa chakula kikuu, likikatwakatwa kwa panga huku vipande vikichuruzika maji. Siwalaumu wafugaji, kwa kuwa ng'ombe mwenyewe huwadanganya kwa kuvila kwa pupa.

Watafiti wa lishe hawahesabu chakula kikiwa kibichi. Hukikausha kwanza kwenye tanuri, kisha hupima kilichobaki. Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za shina la mgomba ni maji. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa huhitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, hivyo kwa migomba pekee angelazimika kula zaidi ya kilo 120, mzigo ambao tumbo lake haliwezi kuupokea.

Hata akiumudu, protini haitoshi. Tangu Johan Kjeldahl wa Denmark alipobuni mwaka 1883 njia ya kupima naitrojeni, protini ya malisho hukadiriwa kwa kuzidisha naitrojeni hiyo kwa 6.25. Ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya uzito mkavu, vijidudu vinavyomeng'enya nyuzinyuzi tumboni hudhoofika, chakula hukaa humo muda mrefu, na ng'ombe huacha kula ilhali ana njaa. Mabua ya mahindi yanayopandishwa kwa malori kutoka tambarare nayo yako chini ya kiwango hicho, ilhali majani ya lukina, mti wa malisho wa jamii ya kunde, hufikia asilimia 20 na zaidi. Matete nayo hupungua protini kadiri yanavyokomaa, kwa hiyo kuyasubiri yapite kimo cha mtu ni hasara.

Dhana nyingine ni kwamba magadi hutosha kuwa madini. Magadi hutoa sodiamu, lakini hayawezi kuziba pengo la fosforasi, tena yale ya Ziwa Natron yana floridi, ambayo ng'ombe wengi wa Arusha tayari huinywa katika maji ya miteremko ya Meru. Ndama anayeizidisha huota meno yenye madoa ya kahawia, yanayolika kabla ya wakati, na baadaye hushindwa kutafuna hata majani mazuri.