Okestra ya Baroko huongozwa kabla upinde haujagusa uzi

Kondakta, na simaanishi yule wa daladala, husimama mbele ya okestra na kijiti mkononi. Kwenye okestra za Baroko, yaani zinazotumia ala za karne ya 17 na 18, mara nyingi nafasi hiyo iko wazi. Mkurugenzi wa sanaa yumo ndani ya kundi, ameshika fidla au ameketi kwenye hapsikodi (ala ya funguo iliyotangulia piano), naye anapiga kama wenzake. Jeanne Lamon aliiongoza Tafelmusik ya Toronto kwa fidla tangu 1981 hadi 2014. Kwa kuwa mikono yake ina kazi nyingine, mkurugenzi wa namna hii hulazimika kumaliza maamuzi mengi mapema, na la kwanza ni urefu wa noti A ambayo ala zote hutyuniwa kwayo, yaani sauti yake iwe juu au chini kiasi gani.

Okestra za kawaida hutyuni A kwenye hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) au juu yake kidogo. Kwa watunzi Bach na Handel wengi wetu tumekubaliana 415, nusu toni chini. Kwa opera za Kifaransa za enzi ya Lully, mtunzi wa mfalme Louis wa 14, tunashuka hadi 392. Anayetaka Lully kabla ya mapumziko na Bach baada yake ajue anachokiomba. Obo (ala ya kupuliza) ya 415 haishuki hadi 392 kwa kubadilisha tete ya mdomoni. Mpigaji atakuja na obo mbili, na wa basuni, ala ya kupuliza ya sauti nzito, vilevile. Nyuzi za utumbo wa kondoo zikilegezwa au kukazwa nusu toni hazitulii usiku huohuo. Hapsikodi nyingi za sasa zina funguo zinazosogezwa upande ili kubadili urefu wa sauti, ila ukizisogeza, mpangilio wa toni, yaani jinsi umbali kati ya noti unavyogawanywa, unahama nao, kwa hiyo ala nzima inahitaji kutyuniwa upya. Usiku mmoja, A moja.

Mpangilio huo ndio unaozua ugomvi mwingi kuliko kitu kingine chochote. Hapsikodi yetu haigawanyi toni sawasawa kama piano. Tukitumia mpangilio wa Vallotti, ambao ni maarufu sana, hatua sita za tano (kutoka noti moja hadi ya tano yake), yaani F–C–G–D–A–E–B, hubanwa karibu senti 4 kila moja (senti 100 ni nusu toni), na sita zilizobaki huachwa safi. Sasa mtazame mpigaji wa chelo, ala kubwa ya jamii ya fidla. Anapewa A, kisha anashuka kwa sikio lake: D, G, C, kila hatua safi kabisa. Kwake nyuzi zinapatana. Lakini C yake imeangukia karibu senti 12 chini ya C ya hapsikodi. Fidla nazo zimepanda kutoka A kwenda E kwa usafi uleule, zimepitiliza senti 4. Akodi ya C (noti kadhaa kwa pamoja) ikipigwa, kati ya C ya chini na E ya juu pana senti 16 zaidi ya zilizokusudiwa. Msikilizaji hatajua sababu, ila ataona sauti inakwaruza.

Dawa yake ni rahisi, na inashangaza jinsi inavyorukwa. Hapsikodi itoe A, kisha D, G, C na E, moja baada ya nyingine, na kila mpigaji alinganishe uzi wake na noti yake. Waanze wa besi (chelo na kontrabesi), wafuate viola (fidla kubwa kidogo), fidla ziwe mwisho. Rudieni baada ya mapumziko, maana ukumbi ukijaa watu unyevu huongezeka, ubao wa hapsikodi huvimba na sauti yake hupanda, nazo nyuzi za utumbo hufuata njia yao nyingine kabisa.

Kuhusu idadi ya watu, Quantz, mpiga filimbi wa mfalme wa Prussia, alitoa hesabu mwaka 1752 ambayo bado inafaa. Fidla zikiwa 4, viola iwe 1, chelo 1 na kontrabesi 1. Zikifika 12, viola ziwe 3, chelo 4, kontrabesi 2. Muziki wa Kifaransa unakataa hesabu hii. Fidla 24 za mfalme wa Ufaransa jijini Paris, jina lililojumlisha ala zote za jamii ya fidla, ziligawanywa sehemu tano: 6 juu, 6 chini, na katikati sehemu tatu za viola, watu 4 kila moja. Anayeajiri viola 2 kwa Lully ameajiri okestra isiyo na tumbo.

Mielekeo ya upinde huandikwa kwa penseli na kutumwa kwa wapigaji kabla ya zoezi la kwanza. Mtunzi Muffat alieleza mwaka 1698 kanuni ya kundi la Lully: noti ya kwanza ya kila kipimo, upinde ushuke. Mapigo yakiwa matatu, unainuliwa na kushushwa tena. Msipokubaliana juu ya hilo, ngoma inageuka wimbo wa kanisani.

Jukwaani kazi inayobaki ni pumzi. Kiongozi huinua fidla na kuvuta pumzi kwa pigo moja lenye mwendo uleule utakaofuata. Pumzi ikiwa fupi kuliko pigo, wote huingia kwa haraka na hakuna wa kuwarudisha. Mtoto wa Bach, Carl Philipp Emanuel, alisimulia mwaka 1774 kwamba baba yake aliiweka okestra sawa zaidi kwa fidla kuliko kwa hapsikodi. Naamini, kwa sababu upinde unaonekana na vidole havionekani. Hata hivyo anayeshika mwendo ni besi. Saa ya kwanza ya mazoezi huwa ya chelo, kontrabesi, hapsikodi na theobo (liuti ya shingo ndefu, na liuti ni kizazi cha udi, ndugu wa ule wa taarab). Wakae pamoja katikati, hapsikodi iondolewe kifuniko. Sauti husafiri mita 10 kwa karibu milisekunde 29, na anayesubiri kuisikia besi kutoka ncha ya pili ya jukwaa ameshachelewa.

Kwaya ikipangwa nyuma ya tarumbeta, kama kwenye *Messiah* ya Handel, haiuoni upinde. Hapo nakubali mtu asiye na ala asimame mbele, mradi awatazame waimbaji na kuwaachia wa besi mwendo wao.