Je, wajua kwa nini kuna kambi ambako watoto wote wanafanyiwa bethdei siku moja?

Marekani ikifika likizo ya kiangazi kuna kambi za watoto za wiki moja, na siku moja ndani ya wiki hiyo wanafanyiwa bethdei wote kwa mpigo, awe kazaliwa Januari awe kazaliwa Novemba, keki ipo, nyimbo zipo, na kila mtoto anapewa zawadi yake mwenyewe. Mara ya kwanza kusikia nilijiuliza, sasa mbona wote siku moja?

Hawa ni watoto walio kwenye malezi ya kambo, yaani serikali imewatoa kwao kwa sababu walikuwa wanapigwa au wametelekezwa, wakapelekwa kwa familia nyingine kwa muda. Huo "muda" ndio shida yenyewe. Leo uko kwa hawa, baada ya miezi michache unahamishiwa kwa wengine, na wapo wengi tu waliohama nguo zao zikiwa kwenye mfuko wa takataka. Bethdei inataka mtu wa kuikumbuka tarehe, sasa ukihamishwa wiki moja kabla, kule ulikotoka umeshaondoka na huku ulikofika ndio kwanza wanajifunza jina lako. Siku inapita hivihivi. Ndio maana kambini hawasubiri tarehe.

Kambi zinazojulikana sana kwa hili ni za Royal Family KIDS, zilizoanzishwa California mwaka 1985 na Wayne Tesch na mkewe Diane, kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Wanaoziendesha ni watu wa kujitolea, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito. Mtoto wa malezi ya kambo kazungukwa na watu walio kazini: ofisa ustawi wa jamii, wakili, hakimu, hata familia inayomlea inapokea hela ya matunzo kila mwezi. Sisemi hawampendi, wengi wanampenda kweli, lakini mtoto anajua. Halafu anakutana na mtu mzima aliyechukua likizo yake ya kazini aje tu kumfundisha kuogelea! Sio kwamba anayetaka anaingia tu, wanakaguliwa rekodi za polisi na wanapewa mafunzo kwanza.

Kuna kitu kingine, picha. Ukihamahama hivyo picha za utotoni zinapotea, kwa hiyo mtoto anaondoka kambini na albamu yake.

Na zipo kambi za ndugu. Lynn Price alikulia kwenye malezi ya kambo mbali na dada yake, mwaka 1995 akaanzisha Camp To Belong ili ndugu waliotenganishwa wakae angalau wiki pamoja. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inataka juhudi zifanyike ndugu waishi nyumba moja, ila kupata nyumba moja yenye nafasi ya watoto wanne sio rahisi kabisa, wanagawanywa. Kwenye kambi hiyo bethdei ni ya ndugu kwa ndugu, unamchagulia mdogo wako zawadi mwenyewe. Pia wanatengenezeana mito ya kulalia, kaka anaandika maneno yake kwenye mto wa dada, dada anaandika kwenye wa kaka, na wiki ikiisha kila mmoja anarudi nyumba yake na mto wake kwapani.