Waranti Haifi Yenyewe

Kituo cha polisi nilichokuwa nikifanyia kazi huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, kilikuwa na faili moja la kadibodi lililofungwa kwa kamba ya kiatu, mgongoni limeandikwa WARANTI kwa kalamu nene, yaani amri za korti za kukamata watu. Karatasi za ndani zilikaa jinsi zilivyofika tu: ya wiki jana juu, na ya chini kabisa mchwa walishaila pembe moja. Hakimu aliyeitia sahihi hiyo ya chini alikuwa amehamishwa zamani, na karani wake pia. Mtu wa rekodi nilikuwa mimi. Ukija na jina, nafungua kamba, napekua.

Siku hizi kazi yangu ni kompyuta, kupanga jinsi ofisi mbili zinavyoweza kusomana kumbukumbu. Wenzangu wa zamani wakiniona sokoni Arua, swali ni lile lile: "Afande, lini na sisi tutaandika jina kwenye mashine tuone kama mtu anatafutwa, kituo chochote, Uganda nzima?" Nawaambia hiyo ya kuonyesha jina kijana yeyote anayejua databesi ataifanya. Kibarua kipo kwenye kulitoa jina humo, na kulitoa kwa wakati.

Nianze na karatasi yenyewe. Watu wengi wanadhani polisi hawawezi kumshika mtu bila waranti. Si hivyo. Kwa makosa mengi sheria inamruhusu askari kukamata kwa shaka yenye msingi, ndiyo maana wengi mnaowaona wamepakiwa kwenye pikapu hawakutanguliwa na karatasi yoyote. Waranti kwetu huja zaidi pale ambapo kesi ilishafika kortini na mtu hakutokea: mshtakiwa aliyeruka dhamana, shahidi aliyeitwa akanyamaza. Hakimu anaisaini, inagongwa muhuri, inataja kosa kwa ufupi na mtu anayetakiwa, na inaweza kutekelezwa popote ndani ya Uganda. Halafu ipo kanuni moja katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ambayo ningependa kila OC, mkuu wa kituo, aibandike ukutani juu ya meza yake: waranti inabaki na nguvu mpaka itekelezwe, au ifutwe na korti iliyoitoa. Haina tarehe ya kuoza.

Msiichanganye na ile ya deni. Aliyeshindwa kesi ya madai asipolipa, anayemdai anaweza kuiomba korti akamatwe apelekwe jela ya madai, muda usiozidi miezi sita, na karatasi hiyo kwa kawaida hubebwa na dalali wa korti. Hiyo huandikiwa siku ya mwisho ya kutekelezwa. Siku ikipita imekwisha, mpaka iombwe nyingine. Ndani ya faili letu zilifanana kama mapacha, muhuri ule ule, karatasi ile ile ya njano. Moja ilikuwa hai, nyingine maiti, na askari wa zamu ya usiku hakuwa na njia ya kuzitofautisha ila asome mpaka mwisho. Nani husoma mpaka mwisho saa tisa ya usiku?

Sasa ya mchuuzi wa mitumba. Alikosa siku moja ya kesi kwa sababu alikuwa matangani, hakimu akatoa waranti, nakala ikaletwa kwetu. Jumatatu iliyofuata mtu mwenyewe akajipeleka kortini na mdhamini wake, akajieleza, hakimu akaifuta waranti na kumrudishia dhamana. Karani akaandika kwenye faili la korti. Kwenye faili letu la kamba ya kiatu hakuna aliyeandika kitu.

Miezi minane baadaye, Ijumaa saa kumi jioni, akasimamishwa barabarani na bodaboda yake. Jina likaulizwa kwa redio, nikafungua kamba, nikaikuta.

"Afande, hii mambo nilimaliza na hakimu," aliniambia kaunta.

"Mzee, waranti iko hapa na muhuri wake."

Jumamosi mkewe akaleta ile amri ya kuifuta, imekunjwa ndani ya leso. Askari wa zamu akaitazama, akapiga simu kwa karani, simu imezimwa. Korti imefungwa, OC yuko safarini, na hakuna aliyetaka jina lake liandikwe kwenye kitabu kama mtu aliyemwachia mtu wa waranti. Ibara ya 23 ya Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 48. Saa 48 zilimalizika Jumapili jioni, yeye bado yumo ndani. Jumatatu asubuhi hakimu alimwachia kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Ukiiweka nakala ile ile kwenye kompyuta inayosomwa na vituo vyote, umelichukua kosa langu la kituo kimoja ukalisambaza nchi nzima. Hilo nimeliona likiwatokea walio mbele yetu. FBI ya Marekani ilifungua NCIC, hazina yake ya taarifa za uhalifu, Januari 1967, na polisi wa mji mdogo wa huko leo anapata jibu akiwa bado amekaa ndani ya gari. Mwaka 1991 mjini Phoenix dereva mmoja aitwaye Evans alisimamishwa kwa kosa la barabarani, kompyuta ikasema anatafutwa, akakamatwa, wakakuta bangi. Waranti ilikuwa imefutwa siku 17 kabla. Mwaka 2004 huko Alabama ikawa zamu ya mtu aitwaye Herring. Polisi wa kaunti moja waliuliza kaunti jirani, wakajibiwa kwamba ipo. Mtunza rekodi alipokwenda kuitoa karatasi yenyewe hakuikuta: ilirudishwa kortini miezi mitano nyuma. Alipiga simu haraka, hazikupita dakika 15, lakini Herring alishafungwa pingu na kupekuliwa. Kesi zote mbili zilifika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na zote mbili majaji walisema ushahidi uliopatikana usitupwe. Ya Herring, mwaka 2009, ilipita kwa kura 5 kwa 4. Mimi ningekaa na wale wanne, ila hayo ni yangu.

Cha kuazima kwao ni adabu waliyoijengea mashine. Jina likitokea kwenye NCIC, peke yake halitoshi kumkamata mtu. Lazima kituo kilichouliza kiwasiliane na ofisi iliyoliingiza, na hiyo ofisi ithibitishe kwamba waranti bado ipo na mtu ni yule yule. Jambo la dharura hujibiwa ndani ya dakika 10, la kawaida ndani ya saa moja, usiku na mchana. Tena kila ofisi hupaswa kupitia majina yake mara kwa mara na kuyahakiki, asiyetakiwa tena atolewe. Ile simu ya Jumamosi kwa karani aliyezima simu yake, kwao ni kazi ya mtu anayelipwa kukesha.

Kwetu vipande viko, vimetawanyika. Mahakama ilizindua mfumo wa kuendesha kesi kwa kompyuta, ECCMIS, Machi 2022. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ina wake, PROCAMIS. Polisi nao wana kumbukumbu zao. Ninaposikia watu wakisema polisi wapewe daftari la waranti la kielektroniki, huuliza kwanza kalamu itashikwa na nani. Waranti ni mali ya korti: korti huizaa, korti huiua. Basi iandikwe kule kule hakimu anakosaini, na akiifuta kortini ifutike papo hapo kwenye skrini ya kaunta, bila nakala, bila mtu kama mimi katikati. Polisi wasome tu, na waandike jambo moja: tumemkamata, saa fulani, kituo fulani. Ile ya deni ijifute yenyewe siku yake ikipita.

Kuna shida ya majina, na Yumbe au Arua hii si shida ndogo. Nimewahi kushika waranti ya "Muhamad Ali, mkazi wa Arua", bila umri, bila kijiji. Huku mtu anaweza kuwa Muhammad kwenye kitambulisho, Mohamed shuleni, Muhamadi kwa karani anayeandika anachosikia, na jina la nyumbani likatangulia leo na kesho likafuata. Kwetu ndugu wa tumbo moja kila mmoja anaweza kuwa na jina lake la pili, kwa hiyo kutafuta kwa jina la ukoo hakusaidii. NIN, namba ya kitambulisho cha taifa, ina herufi na tarakimu 14 na ingemaliza ubishi mwingi, lakini nyingi ya karatasi zilizopita mikononi mwangu hazikuwa nayo. Pale isipokuwepo, mfumo udai jina la kijiji na la mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na ukatae kuhifadhi waranti ya jina tupu. Karani atanuna. Anune.

Umeme sitausemea sana; West Nile tuliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, tunajua kungoja. Kinachotakiwa ni skrini kuonyesha wazi iliongea na korti mara ya mwisho lini. Orodha ya jana asubuhi isijifanye ya sasa hivi.

Na kila anayetafuta jina aache alama. Wapo watakaolipwa kumnong'oneza anayetafutwa ahame, wapo watakaolipwa na mdai ajue mdeni wake amejificha wapi. Sheria ya kulinda taarifa za watu tunayo tangu 2019, lakini sheria haimwoni askari aliyeandika jina la shemeji yake saa sita ya usiku. Kumbukumbu ya mashine itamwona.

Yule mchuuzi alirudi kituoni wiki ile ile. Nilidhani amekuja kugomba, na angekuwa na haki. Alitaka nimpe karatasi inayosema hatafutwi.

"Mzee, karatasi kama hiyo hatuna," nilimwambia.

Akatoa ile amri ya hakimu, bado na mikunjo ya leso. Nikaandika nyuma yake namba yangu ya simu na neno "piga hata usiku". Akavuka barabara kwenye kibanda cha fotokopi, akaitia plastiki pande zote mbili, akaifunga chini ya kiti cha bodaboda yake kwa mpira.