Jack Kirby hakuwa mchoraji wa kuagizwa tu

Wengi huamini kwamba mashujaa wa Marvel, kampuni ya Marekani ya vitabu vya katuni, walitoka kichwani mwa mwandishi wake Stan Lee, na Jack Kirby akawa anachora tu alichoambiwa. Si kweli, na dhana hiyo inamdhulumu mmoja wa wachora katuni wakubwa kabisa.

Kirby, aliyezaliwa New York mwaka 1917, alikwisha kumbuni shujaa Captain America pamoja na Joe Simon kabla Lee hajachapisha hadithi yake ya kwanza.

Miaka ya 1960, mchoraji wa Marvel mara nyingi hakupewa hadithi iliyoandikwa kamili. Alipewa muhtasari, pengine wa mdomo tu. Yeye ndiye aliyegawa matukio ukurasa kwa ukurasa, akapanga mapigano, akaandika pembeni maelezo ya kinachotokea. Lee alitia maneno ya wahusika baadaye, picha zikiwa tayari. Mtazame Silver Surfer, aliyetokea katika toleo la 48 la jarida la katuni la Fantastic Four, mwaka 1966. Kirby aliona kwamba Galactus, jitu linalomeza sayari, lazima awe na mjumbe wa kumtangulia, akamchora juu ya ubao wake angani. Lee mwenyewe alikiri kwamba alimwona mara ya kwanza kwenye kurasa zilizokwisha kuchorwa!

Maneno ya Lee yalikuwa na utamu wake, hilo halina ubishi. Lakini Kirby alipohamia DC, kampuni shindani ya Marvel, mwaka 1970 aliandika na kuchora mwenyewe, na huko ndiko alikozaliwa Darkseid, adui mkuu wa mashujaa wa DC.