Kuchana karatasi hakuvunji amana ya mke na mume

Huko California, Marekani, wengi huamini kwamba wanandoa walioweka nyumba na akiba zao katika amana ya pamoja (trust kwa Kiingereza, yaani mpango wa kisheria ambamo mdhamini hushika mali kwa niaba ya wanufaika) wanaweza kuivunja kwa kuchana hati au kuandika wosia mpya. Wosia ndio unaoumiza zaidi, kwa sababu kosa hugunduliwa mwenyewe akishazikwa.

Kifungu cha 15401 cha sheria ya mirathi ya jimbo hilo kinakubali njia iliyotajwa ndani ya amana. Isipokuwa hati imesema njia hiyo ni ya pekee, unaweza pia kuandika tamko la kuivunja, ulitie saini na kumkabidhi mdhamini ungali hai. Kwa njia hii ya pili, wosia hautoshi.

Wala si lazima wote wawili wakubaliane. Kwa mali iliyochumwa katika ndoa, mmoja anaweza kuivunja amana peke yake, hati isipokataza waziwazi. Ila mali hurudi kuwa ya wote wawili, haiwi yake.

Na nyumba? Rejista ya kaunti bado inaonyesha jina la mdhamini. Iandikwe hati ya kuirudisha kwa wanandoa, kisha isajiliwe.